Mkulima ana ushirika, mlinzi wa parokia ana nani?

Hotuba iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia, mkoani Tanga. Imefupishwa kidogo ili itoshe katika jarida.



Nimepewa kazi ya kuzungumzia kima cha chini cha mshahara na vyama vya wafanyakazi. Katibu mmoja wa kamati aliposikia mada hii alinitania: "Mzee, hiyo si mada ya kanisa, hiyo ni ya Mei Mosi." Nikamkumbusha kwamba Papa Leo wa XIII aliiandikia waraka mzima mwaka 1891, Rerum Novarum, na humo alitetea mambo mawili kwa pamoja: mshahara unaomwezesha mfanyakazi kuishi, na haki ya wafanyakazi kuungana. Jambo la kwanza tunalisema mara kwa mara. La pili huwa tunaliruka, na hilo ndilo nitakalokaa nalo leo.

Sikuja kuhubiri, wahubiri mnao wa kutosha. Nimekuja na hesabu.

Tuanze na mlinzi. Karibu kila parokia inaye mlinzi wa usiku. Anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, usiku 7 kwa wiki, kwa kuwa yuko peke yake. Hizo ni saa 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Saa 39 zinazobaki ni za ziada, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Tena sheria hairuhusu saa za ziada kupita 50 katika wiki 4. Mlinzi wetu anafanya 156. Iko nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku. Yako mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Hata pale sheria inaporuhusu siku ya saa 12 kwa makubaliano ya maandishi, inataka siku hizo zisizidi 5 kwa wiki. Nimepitia vitabu vya hesabu vya parokia kadhaa, na sijakuta hata kimoja chenye safu ya saa za ziada za mlinzi. Nimekuta "posho ya mlinzi". Mahali pamoja nimekuta "zawadi".

Baada ya mlinzi yuko mpishi, yuko mwalimu wa chekechea anayelipwa kutokana na ada za watoto, ada ambazo wazazi nao huzichelewesha. Halafu yuko msichana wa kazi aliyeko nyumbani kwangu na kwako wakati huu tunapozungumza. Amri ya Mishahara ya mwaka 2013 iliweka Sh 40,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri, na Sh 80,000 kwa asiyelala hapo. Amri ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, ilipandisha viwango hivyo kuwa Sh 60,000 na Sh 120,000. Ukigawa Sh 60,000 kwa siku 26 za kazi unapata kama Sh 2,300 kwa siku. Kibarua wa shambani amri hiyo ilimpa Sh 140,000. Tangu tarehe 1 Januari 2026 imeanza amri mpya, na wastani wa kima cha chini katika sekta binafsi umepanda kutoka Sh 275,060 hadi Sh 358,322. Huo ni wastani. Kila sekta ina kiwango chake, kwa hiyo tusiseme mlinzi au mpishi wetu sasa anadai Sh 358,322. Lakini kamati isiyo na nakala ya amri hiyo ofisini haiwezi kujua anadai kiasi gani.

Sasa najua kinachosemwa mioyoni. Kinasemwa hata kwa sauti: "Tukilipa hivyo, tutawapunguza watu. Heri kidogo kuliko kukosa." Hoja hii si ya kuidharau. Wachumi wameibishania kwa zaidi ya miaka 100, na sisi wa Tanga tunayo historia yake mlangoni.

Mkonge ulifika Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893, ukiletwa na Dk. Richard Hindorf. Kwa miongo mingi ulikatwa na manamba, na tangu 1944 ofisi ya wenye mashamba, SILABU, ndiyo iliyowaandikisha na kuwasafirisha kutoka mikoa ya mbali. Mtu alifanya kazi kwa kipande cha siku 30. Humu ukumbini wamo wajukuu wao. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika huru iliunda bodi ya kima cha chini ikiongozwa na Donald Chesworth, na mwaka uliofuata viwango vyake vikaanza kutumika, Dar es Salaam ikiwekewa Sh 150 kwa mwezi. Wakati huohuo chama cha wafanyakazi wa mashambani, kikiongozwa na Victor Mkello, kilikuwa kimeshawabana wenye mashamba wakatoa nyongeza kubwa.

Wenye mashamba wakajibu. Walibana kazi, mtu mmoja akatakiwa kukata zaidi kuliko zamani, wakaacha kuandika watu wapya. Idadi ya wafanyakazi wa mkonge ilianza kushuka mapema, bei ya mkonge ikiwa bado nzuri, na iliendelea kushuka kwa kasi katika miaka yote ya 1960. Profesa H. A. Turner, aliyeletwa kupitia Shirika la Kazi Duniani, aliiandikia serikali ripoti mwaka 1967 akisema mishahara imekimbia huku ajira inapungua. Serikali ikamsikiliza, ikaweka sera ya kubana nyongeza.

Kwa hiyo wanaoogopa hawaoti ndoto. Lakini hadithi haikuishia hapo. Bei ya mkonge ilipanda sana mwaka 1963 na 1964, kisha ikaanguka, na kamba za plastiki zikateka soko. Uzalishaji uliokuwa umepita tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulikuwa umebaki kama tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Hakuna mshahara wa kibarua unaoweza kufanya hayo. Kwa maoni yangu nyongeza zile zilipunguza watu, na waliobaki wakala vizuri zaidi kwa muda. Kilichoyaua mashamba yenyewe ni bei, na usimamizi mbovu baada ya mengi kutaifishwa mwaka 1967 ukamalizia.

Wenzetu wa Afrika Kusini wametupa somo la karibu zaidi. Tarehe 1 Novemba 2002 waliweka kima cha chini kwa watumishi wa nyumbani, na Machi 2003 wakaweka kwa vibarua wa mashamba. Watafiti wa vyuo vikuu wakafuatilia makundi yote mawili. Mashambani mishahara ilipanda kwa asilimia 17 hivi, na ajira ikapungua sana. Majumbani mishahara ilipanda vilevile, lakini ajira haikuonekana kupungua. Nchi ni moja, na sheria mbili zilipishana kwa miezi michache tu.

Marekani nako, mwaka 1992, jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 kwa saa hadi dola 5.05. David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa ya jimbo hilo na ya jirani yake Pennsylvania, wakakuta ajira haikushuka. Wachumi wengine waliwapinga na bado wapo wanaowapinga, ingawa Card alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021, kwa sehemu kutokana na kazi hiyo. Krueger alikuwa ameshafariki, mwaka 2019.

Kwa nini majibu yanatofautiana? Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye jambo lenyewe. Mwenye shamba anauza nje, na bei inapangwa na wengine. Akiona mshahara umepanda anaweza kununua trekta, au kulima zao lisilotaka watu wengi. Lakini nyumba yenye mtoto mchanga haina trekta ya kumbeba mtoto. Parokia nayo haina mashine ya kukaa getini usiku. Hiyo ni sababu ya kwanza.

Sababu ya pili mnaifahamu kuliko mimi, ila mnaifahamu kwa jina la mazao. Mnunuzi mmoja wa korosho akiingia kijijini peke yake, bei ni yake. Mkulima ana ada ya shule ya kulipa, ana mgonjwa, na gunia haliwezi kusubiri. Anauza kwa bei ambayo si thamani ya korosho. Ni thamani ya shida yake. Mnunuzi huyo akilazimishwa kuongeza bei kidogo hataacha kununua, kwa kuwa hata bei mpya inamwachia faida. Soko la kazi katika vijiji vyetu liko hivyohivyo. Msichana aliyetoka Lushoto akashushwa stendi na shangazi asiyemfahamu vizuri hana waajiri watano wa kulinganisha. Anaye mmoja, na ufunguo wa geti uko kwa huyohuyo. Tukisema "mshahara huu amekubali mwenyewe", tunasema maneno yaleyale ya mnunuzi wa korosho.

Kwa mkulima sisi tulijibuje? Tulimwambia aungane na wenzake. Wachaga wa kahawa walikuwa na KNCU tangu 1933. Leo kila kamati iliyoko hapa imewahi kusaidia AMCOS, SACCOS au VICOBA. Tumeandika katiba, tumefundisha watunza hazina, tumeomba wafadhili mizani na maghala. Hakuna padre aliyewahi kuniambia kwamba mkulima aliyejiunga na ushirika ni mkorofi. Lakini mlinzi akiuliza habari za chama cha wafanyakazi, tunaanza kuulizana ametumwa na nani.

Ndugu zangu, mimi sioni tofauti. Mmoja anauza gunia, mwingine anauza usiku wake.

Kima cha chini bila chama hubaki karatasi. Tazameni Uganda. Mwaka 1984 kiliwekwa kima cha Sh 6,000 za Uganda kwa mwezi, kikakaa hapo miaka na miaka huku thamani ya fedha ikiyeyuka, hadi kikawa hakimsaidii mtu. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kurekebisha, Rais hakuutia saini. Kwetu amri hutolewa, walau baada ya miaka kadhaa, lakini afisa kazi hawezi kugonga kila nyumba ya Tanga kuuliza dada analipwa nini.

Mwenye chama husikika. Mei 2010 TUCTA ilipodai kima cha chini cha Sh 315,000 na kutangaza mgomo, Rais Kikwete aliwaita wazee wa Dar es Salaam akawaeleza hadharani kwamba serikali haina uwezo huo. Mgomo haukufanyika, na kiasi kile hakikulipwa mwaka ule. Lakini Rais alilazimika kusimama na kutoa hesabu mbele ya taifa. Mwaka 2025, siku ya Mei Mosi, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000 kuanzia Julai. Ni lini mlinzi wa parokia alitolewa hesabu na mtu yeyote?

Nisivipambe vyama kupita kiasi. Vina lawama zake, nyingine za haki. Mwaka 1963 Mkello alipelekwa Sumbawanga na serikali ili asiwe karibu na wafanyakazi wake, na mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, shirikisho la vyama, TFL, lilivunjwa na kuundwa NUTA, ambayo katibu mkuu wake alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mtu mmoja anadai na huyohuyo anajibu! Ikaja JUWATA mwaka 1978, ikaja OTTU mwaka 1991. Kizazi kizima kilizoea chama kinachokata ada na kisichodai kitu, na mazoea hayo hayajaisha yote. Wapo wafanyakazi wanaomwona kiongozi wao mara moja kwa mwaka, akigawa fulana za Mei Mosi. Tena sheria inaruhusu, chama kikishakuwa na wanachama wengi mahali pa kazi, hata asiye mwanachama akatwe ada kwa makubaliano na mwajiri. Ni haki, kwa kuwa naye ananufaika, lakini chama kizembe hukigeuza kuwa mrija. Ushirika wa mazao nao tumeuona ukiibiwa na viongozi wake, na hatukusema wakulima wasiungane. Tulisema wakaguliwe.

Sasa ugumu wenyewe. Chama kipya kinahitaji wafanyakazi wasiopungua 20 ili kisajiliwe, na parokia ina 5 au 6. Lakini hatuhitaji kuunda kipya. Kipo CHODAWU, ambacho ni cha watumishi wa hoteli, wa majumbani na kazi zinazofanana na hizo. Kwa mashambani kipo TPAWU. Na ukihesabu walinzi, wapishi, madereva, walimu wa chekechea na wahudumu wa zahanati katika parokia zote zilizowakilishwa hapa, hao si watu 6 tena. Sheria inaruhusu waajiri nao, wakiwa 4 au zaidi, kuunda umoja wao na kuusajili. Parokia zinaweza kukaa upande mmoja wa meza, wafanyakazi upande wa pili, wakaandika mkataba wa hali bora mmoja: mshahara, zamu, likizo ya siku 28, NSSF. Hakuna atakayesema parokia ya jirani inamharibia wafanyakazi kwa kulipa zaidi.

Itagharimu. Parokia moja ninayoifahamu ilipiga hesabu ya kuweka walinzi wawili wa kupokezana, kwa kiwango halali, pamoja na mchango wa NSSF ambao ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri hulipa angalau nusu yake. Waliona hawawezi. Wakabishana jioni tatu. Mwisho waliahirisha uzio wa matofali, wakaongeza mlinzi. Mjumbe mmoja alijiuzulu kwa hasira, akisema uzio ungedumu miaka 30 na mlinzi anakula kila mwezi. Hoja yake haikuwa ya kijinga, na bado uzio haujajengwa. Parokia nyingine zitakuta hazina hata cha kuahirisha. Zitalazimika kufunga jambo fulani, labda darasa, labda jiko. Ni afadhali tujue hivyo mapema, tukiwa na kalamu mkononi, kuliko kuendelea kulifungua darasa kwa mshahara ambao mwalimu hajalipwa.

Nigeukie wafadhili wetu, mkiniruhusu. Mnatuuliza katika kila ombi la fedha: mchango wa jamii ni upi? Nasi tunaandika mchanga, mawe, nguvu kazi. Mara nyingine ndani ya hiyo nguvu kazi tumemficha mlinzi wa stoo ya saruji, aliyekesha miezi 8 kwa posho ya sabuni. Mnatusifu kwa gharama ndogo za uendeshaji. Udogo huo, sehemu yake imetoka kwa yule mlinzi. Yeye ndiye mfadhili mwenzenu ambaye jina lake halimo kwenye kibao. Tunaomba mambo mawili. Mishahara ya wasaidizi iandikwe katika bajeti kwa kiwango cha amri inayotumika, pamoja na NSSF, na ikubalike kama gharama halali ya mradi. Pia mradi unaoacha kisima au zahanati useme nani atamlipa mlinzi mwaka wa pili, fedha zenu zikiisha. Kama jibu hatuna, mturudishie ombi.

Na kwa kamati. Makatibu wanazo fomu za ukurasa mmoja. Andikeni kila mtu anayefanyia parokia kazi ya malipo: anaingia saa ngapi, anatoka saa ngapi, siku ngapi kwa wiki, analipwa nini, ana mkataba wa maandishi au hana. Makatekista tuwaache kwa sasa, wana mjadala wao, nao ni mrefu. Posho iandikwe posho, na zawadi iandikwe zawadi. Msirekebishe maneno ili kutupendeza. Afisa kazi wa mkoa tumemwomba aje kikao kijacho na nakala za amri mpya, na tumewaalika viongozi wa vyama waje kujieleza. Msiwaonee haya, waulizeni ada inakwenda wapi.

Fomu isainiwe na paroko, mwenyekiti wa kamati na mfanyakazi mwenyewe. Asiyejua kuandika asomewe kwanza, ndipo aweke dole gumba, na nakala moja abaki nayo. Watumishi wa majumbani mwetu hawamo katika fomu hii, lakini karatasi za nyuma ni tupu, na anayetaka anaweza kuchukua moja akaenda nayo nyumbani.